Mvuke na kauri zinazonasa CO2: jinsi ya kupima bila kudanganyika

Kauri zinazonasa kaboni dioksaidi kwenye joto kali, kati ya nyuzi 400 na 700 za Selsiasi hivi, mara nyingi hupimwa kwa gesi kavu: naitrojeni na CO2 kutoka kwenye mitungi, basi. Kazini gesi kavu haipo. Moshi wa boila ya makaa ya mawe hubeba mvuke wa maji wa asilimia 5 hadi 15 hivi. Na pale haidrojeni inapotengenezwa kutokana na methani huku kifyonzi kikiwa ndani ya mtambo uleule, mvuke ndio malighafi yenyewe, tena huingizwa kwa wingi kuliko methani.

Mvuke huifanyia kauri mambo mawili kwa pamoja. Huharakisha ufyonzaji, na huichakaza kauri. Uharakishaji unaonekana ndani ya dakika chache za jaribio la kwanza. Uchakavu unajitokeza baada ya mizunguko mingi ya kufyonza na kutoa CO2. Tatizo ni kwamba jambo la kwanza hulifunika la pili: kauri iliyokwisha kuharibika huendelea kuonekana nzima mradi mvuke upo. Hatua zifuatazo ni za kuyatenganisha mambo hayo mawili, kwa mtu mwenye mizani ya tanuri (ile inayopima uzito wa sampuli huku ikipashwa joto ndani ya mkondo wa gesi), vidhibiti vya mtiririko na chupa ya kububujishia gesi ndani ya maji.

Hatua ya 1: Jua mipaka ya kauri yako

Anza na uwezo wa juu kabisa kwa hesabu ya kikemia, kwa sababu ndicho kipimo utakacholinganisha nacho kila kitu. Gramu 100 za lithiamu othosiliketi (Li4SiO4) zinaweza kubeba gramu 36.7 za CO2. Lithiamu zikoneti (Li2ZrO3) gramu 28.7, sodiamu zikoneti (Na2ZrO3) gramu 23.8, na kalsiamu oksaidi, yaani chokaa hai, gramu 78.5. Ukiona uzito umepanda kupita hapo, ujue unapima maji pamoja na CO2, au mizani inakudanganya.

Kisha tafuta joto ambalo juu yake kauri haifyonzi tena. Joto hilo hutegemea CO2 iliyopo, na watu wengi hujikwaa hapa. Othosiliketi ndani ya CO2 tupu hufyonza hadi karibu nyuzi 720. Lakini ukiipa gesi yenye CO2 ya asilimia 15, mpaka hushuka hadi karibu nyuzi 620. Ukipanga jaribio la moshi kwa nyuzi 650, mizani haitasogea hata kidogo, na mvuke hautabadilisha chochote, maana mvuke huongeza kasi tu. Hausogezi mpaka huo. Chokaa ina nafasi zaidi: ndani ya CO2 tupu mpaka wake ni karibu nyuzi 900, na kwa asilimia 15 ni karibu 780.

Mwisho, angalia kinachoyeyuka na kinachozimika, yaani kinachokula maji na kugeuka kuwa haidroksaidi. Lithiamu kaboneti huyeyuka kwenye nyuzi 723. Ikichanganyika na potasiamu kaboneti, ambayo watu huiongeza makusudi ili kuharakisha ufyonzaji, mchanganyiko huanza kuyeyuka karibu nyuzi 490. Kimiminika hicho husafirisha ioni haraka na ndiyo faida yake, ila pia huzifanya chembe zishikamane na kunenepa. Kwa chokaa, hatari iko chini zaidi: ndani ya mvuke mtupu wa kanieneo ya angahewa moja huzimika kuwa kalsiamu haidroksaidi kwenye joto lolote lililo chini ya nyuzi 510 hivi, na uzito huongezeka kwa asilimia 32 bila chembe ya CO2 kuingia. Hata mvuke wa asilimia 20 unatosha kuizima ukishuka hadi nyuzi 400. Sodiamu zikoneti ndiyo yenye pupa kuliko zote: ikiachwa wazi mezani hufyonza unyevu na CO2 kwenye joto la kawaida la chumba, kwa hiyo kila sampuli ichomwe kwanza ndani ya naitrojeni kavu kabla ya kuandika uzito wa kuanzia.

Hatua ya 2: Hesabu mvuke wako, usikisie

Njia rahisi ya kupata mvuke ni kupitisha gesi ndani ya maji yaliyowekwa kwenye joto lisilobadilika. Gesi ikitoka imeshiba, kiasi cha mvuke hutegemea joto la maji na kanieneo ya hewa ya mahali ulipo. Kwa kanieneo ya kawaida ya kilopaskali 101.3, maji ya nyuzi 20 hutoa mvuke wa asilimia 2.3, nyuzi 30, asilimia 4.2, nyuzi 40, asilimia 7.3, nyuzi 50, asilimia 12.2, nyuzi 60, asilimia 19.7, na nyuzi 70, karibu asilimia 31. Maabara ikiwa kwenye mwinuko ambako kanieneo ni kilopaskali 80, maji yaleyale ya nyuzi 50 hutoa asilimia 15.4. Tofauti hiyo pekee inatosha kuwafanya wapimaji wawili wabishane bure.

Jambo la pili ni gesi ipi ipite kwenye maji. Pitisha naitrojeni peke yake, kisha uichanganye na CO2 kavu baada ya chupa. CO2 huyeyuka ndani ya maji. Ukiipitisha humo, itachelewa kufika kwenye sampuli unapofungua na itaendelea kuvuja unapofunga, na sehemu ya kwanza ya mchoro wako, ile yenye thamani kubwa zaidi, itakuwa imeharibika.

Lakini kuchanganya baadaye kunabadilisha hesabu. Tuseme unataka mililita 200 kwa dakika zenye CO2 ya asilimia 15 na mvuke wa asilimia 12. Hizo ni mililita 30 za CO2, 24 za mvuke na 146 za naitrojeni. Mkondo unaotoka kwenye chupa ni mililita 170, na mvuke ndani yake ni 24, yaani asilimia 14.1. Kwa hiyo maji yawekwe nyuzi 53. Anayesoma orodha ya hapo juu na kuweka nyuzi 50 kwa sababu imeandika asilimia 12.2 ataishia na mvuke wa asilimia 10.3 kwenye sampuli.

Unapofanya jaribio kavu la kulinganisha, usifunge tu mvuke. Weka naitrojeni kavu ya mililita 170 badala ya mkondo ule wenye mvuke. Usipofanya hivyo, CO2 itapanda kutoka asilimia 15 hadi 17, na utakuwa umebadilisha vitu viwili kwa mpigo.

Hatua ya 3: Funga mtambo usiotoa matone

Mabomba yote kuanzia chupa hadi tanuri yavikwe mkanda wa joto, na pasiwe na sehemu iliyo chini ya nyuzi 110 au 120. Tone moja likiganda kwenye kiwiko cha bomba kisha likarudi kuwa mvuke, mizani itaonyesha mawimbi ambayo si tabia ya kauri hata kidogo. Weka mtego mdogo wa matone mara baada ya chupa. Mikono ya mizani yenyewe ilindwe kwa mkondo mdogo wa naitrojeni kavu unaotoka upande wa mizani kwenda tanuri, na mkondo huo uuingize kwenye hesabu ya asilimia.

Kuhusu kikombe cha sampuli, hapa sina upole. Vikombe vya kwazi na vya alumina hushambuliwa na lithiamu na sodiamu, na mvuke huongeza kasi ya mashambulizi hayo. Lithiamu inayoingia kwenye alumina haitafyonza CO2 tena, nawe utaandika kwamba kauri imechakaa kumbe imeliwa na kikombe. Platini inafaa zaidi kwa kazi hii, ingawa nayo haipendi haidroksaidi iliyoyeyuka, kwa hiyo kiangalie kikombe na kukipima uzito kila baada ya mfululizo wa majaribio. Tandaza sampuli iwe safu nyembamba. Miligramu chache hutosha. Ikiwa nene, utapima jinsi gesi inavyopenya kwenye unga.

Hatua ya 4: Majaribio matupu

Endesha ratiba nzima ya joto na gesi ukiwa na kikombe kitupu. Naitrojeni ina uzito wa molekuli 28, maji 18, CO2 44. Kila unapobadilisha gesi, wepesi wa kikombe ndani ya gesi hubadilika pia, na mizani huusoma kama uzito. Toa mchoro huo kwenye kila jaribio litakalofuata.

Kisha weka sampuli na uipe mvuke bila CO2 kwenye joto la kufyonza, halafu kwenye joto la kutoa CO2. Uzito ukipanda, unajua ni maji kiasi gani yanashikwa. Ukishuka polepole bila kukoma, shika mchoro huo vizuri, maana kuna kitu kinaondoka ndani ya kauri. Tutaurudia.

Hatua ya 5: Majaribio manne, si mawili

Wengi hulinganisha "kavu" na "wenye mvuke" wakaishia hapo. Haitoshi, kwa sababu mvuke wakati wa kufyonza na mvuke wakati wa kutoa hufanya kazi tofauti. Chukua sampuli nne za unga uleule, uliochekechwa kwa ukubwa uleule. Ya kwanza ipate gesi kavu muda wote. Ya pili ipate mvuke inapofyonza tu. Ya tatu inapotoa CO2 tu. Ya nne ipate mvuke muda wote.

Katika sampuli ya pili, tazama umbo la mchoro. Ufyonzaji una vipande viwili: mwanzo uzito hupanda haraka, CO2 ikila uso wa chembe, halafu gamba la kaboneti linajifunga na mwendo unakuwa wa taratibu, kwa kuwa ioni sasa zinapaswa kupenya gamba lile. Kwa chokaa gamba hilo huanza kuzuia likifika unene wa makumi ya nanomita, karibu 50. Mvuke husaidia zaidi kipande cha pili. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba molekuli za maji hupasuka kwenye uso wa chembe na kuacha makundi ya haidroksili (OH) yanayofanya ioni zisafiri kwa urahisi. Ndiyo maana msaada huonekana zaidi pale ambapo mwendo kavu ni wa kusuasua: joto la chini, CO2 kidogo. Karibu na joto la juu, ambako ioni tayari zina kasi, tofauti hupungua. Basi usifanye jaribio kwenye joto moja tu na kutangaza kwamba mvuke "unasaidia sana" au "hausaidii". Chagua angalau joto tatu.

Sampuli ya tatu ndiyo yenye mambo. Wakati wa kutoa, mvuke huharakisha kuondoka kwa CO2, na kwa mwenye mtambo una faida nyingine: ukipozwa huwa maji na kuiacha CO2 ikiwa safi, jambo ambalo naitrojeni haiwezi. Lakini mvuke kwenye joto hilo huzifanya chembe zishikamane na kupoteza eneo la uso. Kwa chokaa jambo hili linajulikana vyema tangu miaka ya 1980; maji na CO2 kwa pamoja huharakisha kusinyaa kwake kuliko joto peke yake. Hata hivyo usikimbilie hukumu. Chokaa iliyochomwa ndani ya mvuke hupata vinyweleo vipana zaidi, visivyozibika midomo haraka. Eneo la uso limepungua, na bado kiasi cha CO2 kinachobebwa baada ya mizunguko mingi kinaweza kuwa kikubwa kuliko cha chokaa iliyochomwa kavu. Ukipima eneo la uso peke yake, utaitupa kauri nzuri.

Kwa sampuli ya nne, usitegemee iwe jumla ya pili na ya tatu. Vinyweleo vipana vilivyotengenezwa na mvuke wakati wa kutoa hukutana na gamba linalopenyeka kwa urahisi wakati wa kufyonza, na matokeo huweza kuzidi jumla hiyo.

Hatua ya 6: Zungusha, kisha ondoa mvuke

Mzunguko mmoja hauniambii kitu. Endesha angalau 20 kwa kila sampuli, na kwa chokaa ongeza, kwa kuwa mawe ya kawaida ya chokaa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo katika mizunguko hiyo ya mwanzo kisha hutulia kwenye kiwango cha chini kinachodumu kwa mamia ya mizunguko.

Baada ya hapo fanya jambo ambalo ripoti nyingi huliruka: iache sampuli ileile ndani ya mizani, funga mvuke, weka naitrojeni kavu badala yake, na uendeshe mizunguko mitatu au minne mikavu. Linganisha na uwezo mkavu wa sampuli mpya. Chukulia sampuli ya nne ilikuwa ikibeba asilimia 30 ya uzito wake katika mzunguko wa mwisho wenye mvuke, sawa na siku ya kwanza. Ukiondoa mvuke ikashuka hadi 18 ilhali unga mpya mkavu ulibeba 26, basi kauri imechakaa na mvuke ulikuwa ukiificha. Mtambo wenye mvuke usiokatika unaweza kuishi na hali hiyo kwa muda. Mtambo ambao mvuke wake hupanda na kushuka hauwezi.

Hatua ya 7: Tenganisha aina mbili za uchakavu

Kauri za lithiamu na sodiamu huchakaa kwa njia mbili zisizofanana. Moja ni chembe kushikamana na kunenepa. Madini yote bado yamo. Nyingine ni metali kutoroka. Mvuke ukikutana na lithiamu kwenye joto kali hutengeneza lithiamu haidroksaidi ya gesi, nayo huondoka na mkondo. Watu wa utafiti wa nishati ya muunganiko wa nyuklia wanalifahamu hili vizuri, kwani baadhi ya vijiwe vyao vya kuzalishia tritiamu (aina ya haidrojeni nzito) hutengenezwa kwa othosiliketi ileile.

Mizani inaweza kukupa jibu la kwanza. Tazama uzito wa msingi, yaani uzito wa sampuli mwishoni mwa kila hatua ya kutoa, CO2 ikiwa imekwisha na gesi ikiwa kavu. Kama chembe zinashikamana tu, uzito huo hubaki palepale. Kama lithiamu inatoroka, hushuka. Othosiliketi inayopoteza lithiamu hugeuka kuwa metasiliketi, Li2SiO3, ambayo kwa kazi hii ni mfu. Na kila kipande kinachogeuka hupoteza asilimia 25 ya uzito wake. Kwa hiyo uzito wa msingi ukishuka kwa asilimia 1, asilimia 4 ya kauri imekufa. Uwezo wako ukiwa umepungua kwa asilimia 20 na uzito wa msingi kwa asilimia 1, lithiamu iliyotoroka inaeleza sehemu ya tano tu ya hasara. Iliyobaki itafute kwenye chembe.

Thibitisha kwa macho. Ncha ya baridi ya bomba la tanuri ikiwa na pete nyeupe, na bomba la kwazi likianza kupoteza ung'avu wake pale gesi inapotokea, metali imepita hapo. Kipimo cha eksirei kitaonyesha metasiliketi, au zikonia iliyobaki bila mwenzake kwa kauri za zikoneti, hata baada ya sampuli kutoa CO2 yote. Hadubini ya elektroni itaonyesha chembe zilizonenepa. Kauri zenye potasiamu zikaguliwe mapema zaidi, kwa sababu potasiamu nayo huruka kwa urahisi ndani ya mvuke, na faida ya kuiongeza huondoka nayo.

Tofauti hii si ya kinadharia. Chembe zilizoshikamana zinaweza kusagwa na kurudishiwa sehemu ya uhai, au kutenganishwa kwa kuchanganya na kitu kisichoyeyuka. Lithiamu iliyotoroka hairudi kwa kusaga. Dawa yake ni kushusha joto la kutoa, kupunguza mvuke katika hatua hiyo, au kukubali kuongeza unga mpya kila mara.

Hatua ya 8: Kuzima mtambo

Funga mvuke tanuri likiwa bado na moto. Acha naitrojeni kavu ipite kwa nusu saa hivi, ndipo ushushe joto. Ukishusha joto na mvuke kwa pamoja, chokaa itapita kwenye eneo lake la kuzimika, na ujazo wa chembe utakaribia kuongezeka mara mbili. Vidonge vilivyostahimili mizunguko mingi hupasuka kuwa vumbi katika usiku mmoja. Kwa kauri za sodiamu na lithiamu, unyevu unaoingia wakati wa kupoa utaonekana kesho yake kama uzito wa ajabu mwanzoni mwa mchoro. Hifadhi sampuli kwenye chupa iliyofungwa pamoja na kikaushio, na uvae miwani na glavu unapozihamisha, kwa kuwa vumbi lake hubabua macho na ngozi.

Hatua ya 9: Andika ripoti inayoweza kurudiwa

Pamoja na uwezo na kasi, andika asilimia ya mvuke kwenye sampuli yenyewe, kanieneo ya maabara, hatua ambayo mvuke uliingizwa, kikombe ulichotumia, na uzito wa msingi wa mzunguko wa kwanza na wa mwisho. Ukipima kwa bomba lenye kitanda cha vidonge badala ya mizani, kumbuka kwamba kipimo cha CO2 hukaa baada ya mtego wa maji na husoma gesi kavu: CO2 ya asilimia 15 ndani ya gesi yenye mvuke wa asilimia 12 itasomeka kama 17, na sharti uirudishe kabla ya kuhesabu kilichofyonzwa. Fuatilia pia tofauti ya kanieneo kati ya mwanzo na mwisho wa kitanda. Ikianza kupanda mzunguko baada ya mzunguko, vidonge vinamomonyoka, na hilo mizani ya miligramu chache haitakuonyesha kamwe.